Abebe Bikila: Bingwa wa peku aliyeanza upya kwenye kiti cha magurudumu

Septemba 14, 2024 Yanga walikuwa Addis Ababa kukipiga na CBE ya Ethiopia kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika. Bao la Prince Dube likaamua mechi, Wananchi wakarudi na ushindi wa 1-0, kisha kazi ikamaliziwa Zanzibar kwa mvua ya mabao 6-0. Jina la uwanja ule wa Addis lilitajwa redioni na vijiweni wiki nzima, lakini wachache walijiuliza limetoka wapi. Uwanja wa Abebe Bikila.

Mwenye jina hakuwa mwanasoka. Alikuwa askari na mkimbiaji wa marathoni, mtu wa kwanza duniani kutwaa dhahabu ya mbio hizo za Olimpiki mara mbili, tena mfululizo. Hiyo ndiyo sehemu ya maisha yake ambayo kila mtu anapenda kuisimulia, hasa ile ya kukata mitaa ya Rome akiwa peku. Sehemu inayorukwa ni miaka minne na ushee ya mwisho, ambayo aliimaliza bila kupiga hata hatua moja. Na huko nako jamaa alishindana.

MTOTO WA MILIMANI

Abebe alizaliwa Agosti 7, 1932 katika kijiji cha Jato, nyanda za juu za Ethiopia, upande wa Debre Berhan. Alikua akichunga mifugo na kucheza gena, mchezo wa asili wa Wahabeshi wa kupiga mpira kwa fimbo iliyopinda. Uwanja wa soka una urefu wa mita 105 hivi na bado kuna mabeki wanaolalamika kwamba ni mrefu. Kwenye gena, goli na goli vinaweza kuachana kilomita kadhaa, kwa hiyo asiye na pumzi hana namba.

Akiwa kijana akaenda Addis Ababa na kujiunga na kikosi cha walinzi wa Mfalme Haile Selassie. Kila siku alikuwa akikimbia kilomita 20 kutoka vilima vya Sululta hadi mjini, na jioni anarudi kwa miguu yake ileile. Hakuna aliyemwambia kwamba hayo ni mazoezi. Ilikuwa ni kwenda kazini tu.

Aliyemuona ni Onni Niskanen, Msweden mwenye asili ya Finland aliyekuwa amepewa kazi ya kunoa wanamichezo wa jeshi. Niskanen alimwekea programu, akamfundisha kupunguza mbwembwe za mikono na kukimbia kwa mwendo unaolingana mwanzo mpaka mwisho. Ukitazama picha zake za zamani utaona matokeo ya kazi hiyo: kichwa kimetulia, mabega yamelegea, uso hauonyeshi lolote. Mpinzani wake hana pa kusoma kama jamaa amechoka au la.

Hata hivyo, safari ya Rome mwaka 1960 aliipata dakika za mwisho. Simulizi iliyozoeleka inadai kwamba mkimbiaji aliyekuwa mbele yake, Wami Biratu, aliumia akicheza mpira wa miguu, ndipo Abebe akapandishwa ndege. Wapo wanaosema Wami aliugua tu. Vyovyote iwavyo, nafasi ilipatikana.

USIKU WA ROME

Viatu alivyopata kule vilimbana. Kwa kuwa alishazoea kufanya mazoezi peku, wakakubaliana na kocha wake avue. Jioni ya Septemba 10, 1960, watu waliojipanga barabarani wakamwona Mwafrika mwembamba asiyejulikana, hana viatu, anakwenda sambamba na vigogo. Wapo waliocheka.

Mbele kabisa walibaki wawili, yeye na Mmorocco Rhadi Ben Abdesselam. Giza likaingia, askari wa Italia wakasimama kando ya njia wakiwa na mienge. Karibu na mwisho wa mbio, njia ilipita kwenye mnara wa mawe wa Axum, ambao majeshi ya Mussolini yaliuchukua Ethiopia na kuusimamisha Rome mwaka 1937 kama ngawira ya vita. Hapo ndipo Abebe alipochomoka. Akamaliza chini ya Tao la Constantine kwa saa 2:15:16.2, muda bora kuliko wowote duniani wakati huo, akimwacha Rhadi kwa sekunde 25. Mwafrika mweusi wa kwanza kuvaa dhahabu ya Olimpiki, katika mji mkuu wa nchi iliyoivamia nchi yake akiwa na miaka mitatu.

Miaka minne baadaye, Tokyo, alifanya jambo ambalo kwa watu wa tiba ni kubwa kuliko Rome. Zikiwa zimebaki wiki chache tu kabla ya mbio alifanyiwa upasuaji wa kidole tumbo. Oktoba 21, 1964 akaingia barabarani, safari hii na viatu, akashinda kwa saa 2:12:11.2, rekodi nyingine. Wa pili, Muingereza Basil Heatley, alikuja dakika nne baadaye. Abebe alikuwa ameshalala kwenye nyasi za katikati ya uwanja akinyoosha viungo, anapiga miguu hewani kama mtu anayejiandaa kuanza. Watu zaidi ya 70,000 walibaki midomo wazi.

Aliporudi nyumbani, Mfalme alimpandisha cheo na kumpa gari, Volkswagen nyeupe, zile za umbo la kobe. Abebe hakuwahi kumiliki gari kabla ya hapo.

MEXICO, PAMOJA NA AKHWARI

Oktoba 20, 1968, Mexico City. Watanzania wanaikumbuka siku hiyo kwa sababu ya John Stephen Akhwari, aliyeanguka, goti likaharibika, akaingia uwanjani wa mwisho giza limeshatanda na bandeji mguuni. Ni mara chache kukumbushwa kwamba Abebe Bikila alikuwa kwenye mstari uleule wa kuanzia, akisaka dhahabu ya tatu.

Aliingia akiwa na jeraha la mfupa wa mguu wa kushoto. Kilomita kama 17 zilimtosha, akatoka. Mwenzake kutoka kikosi kilekile cha walinzi wa Mfalme, Mamo Wolde, ndiye aliyeipeleka dhahabu Ethiopia. Abebe alikuwa na miaka 36, na wengi waliona kwamba zama zake zimekwisha ingawa heshima ipo palepale. Angeweza kugeuka kocha, akala pensheni yake taratibu.

Miezi mitano tu ikapita.

USIKU WA MACHI 22

Usiku wa Machi 22, 1969 Abebe alikuwa peke yake kwenye ile Volkswagen, nje ya Addis Ababa. Kwa maelezo yake mwenyewe alikuwa akikwepa gari lililokuja kwa kasi. Gari lake likapinduka, likamlalia. Alibanwa mle ndani usiku kucha mpaka asubuhi watu walipomkuta na kumtoa.

Shingo ilikuwa imeumia. Uti wa mgongo ni kama waya mkuu wa umeme unaotoka kwenye ubongo na kugawa matawi mwili mzima. Ukikatwa au kubanwa juu, kwenye shingo, kila kilicho chini yake kinazimika. Abebe hakuweza kusogeza miguu wala mikono, hata kugeuza kichwa hakuweza. Misuli ilikuwepo, mapafu yaliyoishinda dunia mara mbili yalikuwepo. Amri ndizo zilizokuwa hazifiki.

Alianza kutibiwa katika hospitali ya kikosi chake Addis. Machi 29, kwa agizo la Mfalme, akasafirishwa hadi Uingereza, katika hospitali iitwayo Stoke Mandeville. Jina hilo halina mvuto wa Wembley wala Anfield, lakini katika historia ya michezo duniani linastahili kutajwa nayo.

MJERUMANI ALIYEKATAA KUANDIKA WATU KUWA WAMEKUFA

Kituo cha majeraha ya uti wa mgongo pale Stoke Mandeville kilijengwa na daktari Ludwig Guttmann, Myahudi kutoka Ujerumani. Mwaka 1917, akiwa kijana anayejitolea hospitalini katika mji wa machimbo wa Königshütte, aliletewa mchimba makaa ya mawe mwenye nguvu zake aliyevunjika mgongo. (Mji huo sasa uko Poland na unaitwa Chorzów, wafuatiliaji wa soka la Ulaya wanaijua Ruch Chorzów.) Wakubwa wake walimwelekeza asihangaike kuandika maelezo mengi, mgonjwa atakufa ndani ya wiki chache. Wiki tano baadaye akafa kweli. Guttmann hakuwahi kuisahau sura ya yule mtu.

Ni lazima ieleweke walikuwa wanakufa na nini. Si mgongo wenyewe uliokuwa unaua. Mtu asiyehisi chini ya kiuno akilazwa mahali pamoja, damu haifiki kwenye ngozi iliyobanwa, ngozi inaoza, vidonda vya kulalia vinachimbika hadi mfupani. Kibofu hakijiendeshi, mkojo unabaki, uchafu unapanda kwenye figo. Sumu inaingia kwenye damu. Madaktari waliliona hilo kama hatima ya mgonjwa. Guttmann aliliona kama uzembe wa wodi.

Alikimbia utawala wa Hitler na kufika Uingereza na familia yake Machi 1939. Februari 1944, Waingereza wakijiandaa na mapambano makubwa ya Ulaya na kujua majeruhi watakuwa wengi, wakamkabidhi wodi ndogo yenye vitanda visivyofika 30. Sheria yake ya kwanza ilikuwa rahisi na ya kuchosha: kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, bila kisingizio. Alikuwa na kawaida ya kutokea wodini usiku wa manane kuhakikisha. Manesi walimwogopa, baadhi ya madaktari wenzake walimwona dikteta. Wagonjwa walimwita kwa jina la utani lenye maana ya baba, na kwa mzazi wa aina hiyo hakuna kudeka.

Kisha ikaja sheria ya pili, ambayo ndiyo iliyobadilisha michezo. Mgonjwa aliyepona vidonda lakini amelala anatazama dari bado anakufa, polepole. Akawatoa vitandani. Asubuhi karakana: useremala, kutengeneza saa. Mchana michezo. Yote ilianza kwa wagonjwa kuburuta viti vyao vizito na kugombea kisahani cha mbao kwa bakora zilizogeuzwa kichwa chini, mchezo uliokuwa wa vurugu kiasi kwamba ukaachwa. Ikaja netiboli, baadaye mpira wa kikapu, tenisi ya mezani, kuogelea na upinde.

Julai 29, 1948, siku ambayo Mfalme George wa Sita alikuwa Wembley kufungua Olimpiki ya London, Guttmann alikuwa kwenye nyasi za hospitali yake na washindani 16 tu, wanaume 14 na wanawake wawili, wote wameketi, wanalenga shabaha kwa mishale. Hakuna aliyeiona kama habari. Mwaka hadi mwaka yakakua, nchi nyingine zikaja, mpaka mashindano hayo yakahamia Rome Septemba 18, 1960 yakiwa na wanamichezo 400 kutoka nchi 23. Ni siku nane tu baada ya Abebe kukimbia peku katika mji huohuo. Ndiyo yanayohesabiwa leo kuwa Paralimpiki ya kwanza. Nyumba walizopangiwa zilikuwa zimeinuliwa juu ya nguzo, na ngazi ni nyingi, kwa hiyo askari wa Italia wakawa wanawabeba washindani na viti vyao, juu na chini. Dhahabu ya kwanza ya Uingereza ilikwenda kwa Margaret Maughan, mwalimu aliyepooza baada ya ajali ya gari huko Malawi mwaka mmoja kabla. Alishindana kwa upinde.

MIEZI MINANE

Huko ndiko alikofikishwa bingwa wa dunia mwaka 1969. Guttmann alikuwa ameshastaafu ukuu wa kituo, lakini kila kitu kilikwenda kwa utaratibu wake na yeye mwenyewe alikuwa bado anazunguka pale akisimamia michezo.

Abebe alikaa miezi minane. Malkia Elizabeth alikwenda kumjulia hali. Kadi na barua zilifurika. Lakini kazi yenyewe haikuwa na mashabiki. Kwanza mgonjwa anageuzwa kama mtoto mchanga. Uvimbe unaposhuka, kama uti haukukatika kabisa, baadhi ya amri zinaanza kupenya tena. Kwa Abebe zilirudi juu, shingoni, mabegani, mikononi. Miguu haikurudi.

Baada ya hapo ni kujifunza kukaa. Asiyejua anaweza kudhani kukaa si kazi. Mtu aliyelala wiki nyingi akiinuliwa tu, damu inashuka, anaona giza, anazimia. Akishazoea, anagundua kwamba nusu ya mwili wake haimpi taarifa yoyote: hajui kama ameegemea kushoto au kulia mpaka aanguke. Pale walikuwa wanawaweka mbele ya kioo, mgonjwa ajione, asahihishe kwa macho kile ambacho zamani mwili ulikifanya wenyewe. Halafu anarushiwa mpira, audake bila kudondoka. Mpira mmoja, mara mia.

Kwa mkimbiaji wa masafa marefu, hii ni adhabu ya aina yake. Abebe mtaji wake wote ulikuwa chini ya kiuno na ndani ya kifua. Mikono ya mtu wa marathoni ni myembamba kwa makusudi, ni mzigo tu. Sasa ile mikono iliyodharauliwa ndiyo iliyotakiwa kumtoa kitandani, kumwingiza kwenye kiti, kusukuma magurudumu, kumnyanyua kila baada ya muda ili ngozi ipumue. Ni sawa na kumchukua winga mwenye kasi na kumwambia kwamba kuanzia leo riziki yako ni kudaka golini.

Ndiyo maana upinde ulipendwa sana pale. Kuvuta kamba ya upinde kunafanyisha kazi mabega, mgongo wa juu na mikono yote miwili kwa pamoja, na ile misuli mipana inayounganisha mkono na kiwiliwili, ambayo ndiyo inayombeba mtu asiye na nguvu tumboni. Mshale hautoki sawasawa kama umeketi vibaya. Kwa hiyo mgonjwa anajirekebisha mwenyewe bila nesi kumwambia, kwa sababu anataka kupiga katikati. Mazoezi yaleyale angepewa kama dawa, kumi asubuhi na kumi jioni, angeyachoka siku ya tatu.

Tenisi ya mezani nayo ilikuwa hivyohivyo. Asiyeweza kushika vizuri anafungiwa kibao mkononi, mchezo unaendelea. Wazo hilo la kuficha dawa ndani ya mchezo limesambaa mbali na viti vya magurudumu. Siku hizi wagonjwa wa Parkinson, maradhi ya ubongo yanayotetemesha mikono na kugandisha miguu, wanachezeshwa tenisi ya mezani, wanapigishwa begi la ndondi, na katika baadhi ya vituo wanavishwa miwani ya kompyuta inayowaweka ndani ya mchezo wa kuigiza ili waruke vikwazo na kuhamisha uzito mguu hadi mguu bila hatari ya gari la kweli. Haiponyi, ila inasaidia mizani na hatua. Na katika Rome ya 1960, kwenye timu ya Marekani, alikuwepo kijana wa miaka 18 aliyetwaa dhahabu ya ndondi siku tano kabla ya marathoni ya Abebe: Cassius Clay, aliyekuja kuitwa Muhammad Ali na kugundulika na Parkinson mwaka 1984. Mji mmoja, wiki moja, mabingwa wawili ambao miili yao ilikuja kukataa kutii.

SHABAHA NA THELUJI

Mwishoni mwa 1969 Abebe alirudi nyumbani akiwa kwenye kiti cha magurudumu, kwa mkewe Yewebdar na watoto wao wanne. Baadaye alieleza kwamba ushindi wake na ajali yake aliyapokea yote mawili kama mapenzi ya Mungu. Ni rahisi kuyasoma maneno hayo kama ya mtu aliyekata tamaa. Kilichofuata kinaonyesha vinginevyo.

Julai 1970 alikuwa tena Uingereza, safari hii kama mshindani, kwenye michezo ya kila mwaka ya Stoke Mandeville. Alishindana upinde na tenisi ya mezani. Fikiria hali ilivyokuwa kwa wapinzani: unasogeza kiti chako kwenye mstari, unageuka, jirani yako ni Abebe Bikila. Lakini kwenye upinde alikuwa mwanafunzi kama wengine, na wapo walioanza miaka kumi kabla yake. Bingwa wa dunia kukubali kuwa mgeni wa mchezo, tena mbele ya kamera, si jambo dogo. Kuna mastaa wa soka wanaogoma kuingia dakika ya 70.

Aprili 1971 akaalikwa Norway kwenye michezo ya watu wenye ulemavu. Waandaaji walimwita kama mgeni wa heshima, akae jukwaani apige makofi. Yeye akaomba kushindana. Akacheza tenisi ya mezani, akapiga upinde, halafu akaingia kwenye mbio za sleji, chombo kinachoteleza juu ya theluji kikivutwa na mbwa. Mtu wa Shewa, mbwa, na baridi ya Scandinavia. Walikuwa washindani 16. Abebe alimaliza wa kwanza, saa 1:16:17.

Ukiangalia kwa makini, hiyo ilikuwa mbio ya masafa. Saa nzima na dakika zake kwenye baridi, kupima nguvu, kutokurupuka mwanzo, kujua lini usubiri na lini uachie. Alichofundishwa na Niskanen kilikuwa bado kipo, kimetafuta tu njia nyingine ya kutokea.

Mwaka 1972 alikuwa Munich kwenye Olimpiki kama mgeni maalumu. Alipoingizwa uwanjani kwenye kiti chake, watu walisimama na kumpigia makofi. Mamo Wolde, akiwa na umri ambao wengi wameshastaafu, alitwaa shaba ya marathoni. Dhahabu ilikwenda kwa Mmarekani Frank Shorter, naye baada ya kuvishwa medali alikwenda alipoketi Abebe, akampa mkono. Mwaka huohuo, pia Ujerumani, katika mji wa Heidelberg, Kenya na Uganda zilishiriki Paralimpiki kwa mara ya kwanza. Tanzania ilisubiri hadi Barcelona 1992.

OKTOBA 25, 1973

Mwili uliopooza unahitaji kulindwa siku zote, na hata ukilindwa madhara ya ajali hayaondoki yote. Oktoba 25, 1973 Abebe alifariki Addis Ababa kwa kuvuja damu kwenye ubongo, tatizo lililohusishwa na ile ajali. Alikuwa na miaka 41.

Alizikwa kwa heshima zote za kijeshi katika makaburi ya Mtakatifu Yosefu, Addis. Watu wanaokadiriwa kufika 65,000 walihudhuria, Mfalme Haile Selassie akiwemo. Mwaka mmoja haukupita, Mfalme mwenyewe akapinduliwa, na mambo mengi yaliyobeba alama ya utawala wake yakabadilishwa majina. La Abebe halikuguswa.

Guttmann aliishi hadi Machi 1980. Mamo Wolde alifariki mwaka 2002, naye akazikwa makaburi yaleyale ya Mtakatifu Yosefu. Mwaka 2010, ilipotimia miaka 50 tangu usiku ule wa mienge, Muethiopia mwingine, Siraj Gena, alikuwa anaongoza marathoni ya Rome. Zikiwa zimebaki mita 300 hivi alisimama, akainama, akavua viatu, akaenda kushinda akiwa peku.